Matawi Yaliyotupwa Barabarani

Kufikia mwezi wa nane, mtu aliyetaka kuingia kwa Obwocha ilimlazimu apite ubavu, mikono juu, kama anayejipenyeza kati ya ng'ombe wawili wasiotaka kusogea. Ua wa michongoma ulikuwa umefunga njia. Ulianzia juu barabarani, pale lori la majani chai hugeukia, ukateremka hadi kwenye migomba ya jirani yake Ogoti, na kote huko ulikuwa umefura na kupanda hadi kumzidi mtu mrefu kimo. Ukiuchungulia ndani uliona maajabu: viota vitatu vya ndege, kandambili moja ya mtoto, karatasi ya unga iliyopauka kwa jua, na yale matunda madogo ya manjano ambayo watoto wa shule huyala wakiwa wamefumba jicho moja kwa ukali wake. Miiba yake ilikuwa mirefu kama sindano ya kushonea magunia.

Kwa miezi kumi na minne hakuna aliyeugusa, na kila mtu upande huu wa Nyaramba alijua sababu. Ua huo ndio uliomla Obwocha mguu.

Nani angedhani? Mwiba mmoja tu. Juni ya mwaka jana Obwocha alikuwa akiupunguza ua wake kama kawaida, akarudi nyuma hatua moja aone kama umenyooka, akakanyaga tawi alilolikata mwenyewe dakika chache kabla. Mwiba ukapenya gambuti na kuingia chini ya kidole gumba. Akaketi, akauchomoa kwa koleo, akacheka, akaendelea na kazi. Hakujua kwamba damu yake ilikuwa imejaa sukari. Au labda alijua akanyamaza. Hilo Drusilla, mkewe, hajapata hakika nalo mpaka leo. Kidonda kilikataa kupona. Kidole kikawa cheusi, kikakatwa. Ikafuata nusu ya wayo. Mwezi wa saba mwaka huu, katika hospitali moja mjini Kisii, madaktari wakaukata mguu wenyewe, chini kidogo ya goti.

Drusilla si mtu wa maneno mengi. Ni mama mnene wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mabega ya kubeba kikapu cha chai, na akiwa na wasiwasi hunoa. Wengine hulia, wengine hula. Yeye huchukua tupa na kunoa chochote chenye makali. Wiki ile mumewe alipokatwa mguu, hakuna kisu nyumbani mwake ambacho hakikuweza kunyoa ndevu.

Alizaliwa karibu na Nyamache, kwa watu wa ndizi. Kwao hapakuwa na ua, palikuwa na migomba tu, na ndizi za nani ni za nani ilijulikana kichwani. Alipoolewa Nyaramba akiwa na miaka ishirini na miwili alishangaa kuona mtu anayeutunza ua kama anavyotunza ng'ombe. Siku ya nne ya ndoa yake Obwocha alimwita, akamkabidhi ncha ya kamba ya nailoni ya buluu, akamtuma ashuke nayo hadi mwisho kabisa kwa Ogoti.

"Kaza!" alipiga kelele kutoka juu.

Akakaza.

"Umekaza sana! Legeza kidogo! Hapo hapo. Usipumue!"

Naye, bibi harusi wa siku nne, akajizuia kupumua. Obwocha akaja akishuka polepole, panga likipita juu ya kamba bila kuigusa, na alipomfikia, ua nyuma yake ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari. Ikawa hivyo kila mwaka, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka kumi na minane. Drusilla hakuwahi kushika panga la ua hata siku moja. Kazi yake ilikuwa ncha ya kamba. Alimjua mumewe kwa ile kamba kuliko kwa mazungumzo: akiwa na hasira ilivutwa kwa mikupuo, akiwa na furaha ilitikisika kidogo kwa sababu alikuwa anaimba nyimbo za kanisani huku akikata.

Jumanne moja alasiri simu ililia akiwa kwenye chai. Ilikuwa hospitali. Obwocha angeruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa.

Muuguzi alimweleza kwa upole, akirudia mara mbili. Mgonjwa angekuja na kiti cha magurudumu. Kidonda kisiguse tope. Asirukeruke na magongo kwenye mteremko kwa miezi kadhaa, akianguka mara moja tu wataanza upya. Gari limfikishe mlangoni.

Gari! Drusilla aliinua macho akautazama ua. Hata mbuzi mwenye mimba asingepita pale.

Jioni hiyo Emily, dada yake Obwocha anayefanya biashara ya nguo Kebirigo, alipiga simu. "Wifi, mlete kwangu. Nyumba yangu iko kando ya lami, sakafu ni saruji, choo kiko ndani. Huko kwenu mtambeba mgongoni?"

Drusilla alimpigia mumewe amsikie mwenyewe. 

"Kama siwezi kuingia kwangu, nipelekeni kwa Emily," Obwocha alisema. "Lakini mjue nikienda huko sirudi. Sitaki kubebwa huku na huku kama gunia la viazi."

Drusilla alimfahamu. Obwocha akisema sirudi, harudi. Alimwona akilini ameketi kwenye veranda ya Kebirigo, akitazama magari, mwaka baada ya mwaka, na yeye huku akichuma chai peke yake na kurudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja mezani. Usiku ule hakunoa kitu. Kila kitu kilikuwa tayari kimenolewa.

Kesho yake alfajiri alimwendea Ogoti, ndugu yake Obwocha wa baba mmoja, ambaye shamba lake liko upande wa pili wa ua. Alimkuta anakama.

"Shemeji, nisaidie leo na kesho tufungue ule ua. Gari liingie."

Ogoti aliacha kukama. Ng'ombe akageuka kumtazama.

"Tuufungue? Obwocha akiwa kitandani?"

"Ndiyo."

"Mama Beverlyne, wewe umeishi hapa miaka mingapi?"

"Unaijua."

"Basi umeona. Ua wa mtu hukatwa na mwenyewe, kidogo kidogo. Mwenyewe akiugua, unaachwa. Siku ukiona ua wa mtu umefunguliwa wazi, watu wamekuja na mapanga wamepanua lango, kuna nini?"

 Drusilla alijua kuna nini. Katika kilima hicho ukiona hivyo unajua maiti iko njiani kutoka mochari na magari yatakuwa mengi. Watu hawaulizi hata jina. Wanatazama tu ni lango la nani.

"Mimi siwezi kumfungulia ndugu yangu lango la jeneza," Ogoti alisema.

"Ni la gari."

"Hata jeneza huja kwa gari, shemeji."

"Sasa tungoje mpaka lini?"

"Mpaka arudi, asimame hapo mwenyewe, aseme kateni."

"Asimame kwa mguu gani, Ogoti?"

Ogoti aliinamisha kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake. Lakini maziwa yaligoma kushuka.

Basi Drusilla akaenda peke yake. Alivaa gambuti za Obwocha, zile zile, tundu la mwiba likiwa limezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Akajifunga gunia kifuani na mengine mawili mikononi, akachukua panga, shoka dogo na tupa mfukoni. Alipiga panga la kwanza kwenye tawi nene na panga likaruka likarudi, karibu limpige usoni. Michongoma iliyokomaa ni migumu kama pembe. Akajifunza polepole. Ukipiga kutoka juu inakucheka. Ukiinama ukapiga shina kutoka chini, panga likiwa limelazwa, inakubali. Na hata ikikubali haianguki! Matawi yameshikana mikono huko ndani, moja limemkumbatia mwenzake, ukikata hili linaning'inia kwa lile, inakubidi uvute kwa uzito wa mwili mzima mpaka lote likujie kwa kishindo, miiba mbele.

Kando ya lango, upande wa ndani, palikuwa na mashina ya chai ambayo Obwocha aliyapanda mwaka alipozaliwa binti yao Beverlyne, ambaye sasa anasoma mbali. Drusilla hakutaka kuyavunja. Kwa hiyo kila tawi alilolikata alilitupa nje, barabarani. Halikuwa jambo la kufikiria. Barabara ilikuwa karibu na ilikuwa wazi.

Mama mkwe wake, Nyakerario, aliyekuwa na nyumba yake ndogo humo humo bomani, alitoka na kigoda chake saa tatu akaketi mlangoni. Alimtazama mkaza mwanawe akikata. Akatazama tawi likienda nje. Na lingine. Kisha akafunga leso kichwani, akaingia ndani, akajifungia.

Siku ya pili, Alhamisi, panga lilikwama kwenye kitu laini. Drusilla alitenganisha matawi akaona rangi ya buluu. Ilikuwa ile kamba. Ilikuwa imebaki pale tangu siku ya mwiba, imefungwa kwenye shina, na shina lilikuwa limenenepa na kuimeza, gome limeifunika pande zote mbili. Alikata shina juu na chini akaichomoa kamba vipande viwili. Kimoja kilikuwa kirefu. Alikikunja akakitia mfukoni pamoja na tupa, akaendelea, ila kwa dakika kadhaa alikuwa anakata bila kuona vizuri.

Saa tisa alasiri kazi ikaisha. Lango lilikuwa wazi upana wa lori. Mwanga uliingia hadi mlangoni pa nyumba, na kuku wakasimama kwenye mwanga huo wakishangaa kama watu waliofika mjini mara ya kwanza. Barabarani kulikuwa na lundo la matawi la kumfika mtu kifuani, pande zote mbili.

Duke, mwendesha bodaboda mwenye watoto wawili na midomo isiyotulia, alikuwa anapita kutoka sokoni. Alizima pikipiki. Akavua kofia ngumu. Alimwona Drusilla kwa mbali, ameketi chini ndani ya lango, magunia mwilini, uso kwenye mikono. Alikuwa anapumzika tu, lakini Duke angejuaje? Akatoa simu, akapiga picha moja, akatikisa kichwa, akaondoka taratibu kwa heshima. Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hajafika kona.

Drusilla hakuwa na simu ya aina hiyo. Alikuwa na kabambe ya tochi. Aliinuka, akaoga, akabandika chai.

Kelele ya kwanza aliisikia akiwa jikoni. "Obwocha! Ooo Obwocha! Umetuachia nani!" Alitoka mbio. Wanawake wawili wa kanisani walikuwa wanaingia kwa lango jipya, mikono kichwani. Nyuma yao alikuja mama mwingine na birika kubwa na mzigo wa kuni. Nyuma ya huyo, mkokoteni wenye viti vya plastiki, na mwenye mkokoteni akisema, "Hema litakuja kesho asubuhi, leo limeenda kwa watu wengine."

 Drusilla alidhani wamesikia jambo ambalo yeye hajaambiwa.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Pole mwanangu," mmoja alimkumbatia. "Usijikaze. Lia."

"Nimeuliza nani amekufa!"

Wakatazamana. Simu ikalia kwenye pindo la leso aliyojifunga. Kwenye kioo paliandikwa Baba Beverlyne.

"Drusilla," sauti ya mumewe ilisema. "Nimekufa lini?"

Drusilla aliibana simu sikioni.

"Nauliza kwa sababu naona hapa watu sitini na tatu wametuma pole. Nimesoma kwamba nilikuwa mtu mpole na mchapakazi. Ogoti ameandika. Ogoti, ambaye hajawahi kuniambia hata asante! Mchungaji naye ameuliza nitazikwa lini."

"Uko hai," Drusilla alisema, akaketi kwenye kiti kimoja cha mkokoteni.

"Niko hai. Nina uji hapa wa hospitali, hauna sukari. Drusilla, umefungua ua?"

"Nimefungua. Ili gari liingie."

"Nani alishika kamba?"

"Hakuna."

Drusilla alisikia mtu akikohoa kwenye kitanda cha jirani huko Kisii.

"Nimeona picha," Obwocha alisema, na sasa sauti haikuwa na mzaha wowote. "Mmeshaniondoa. Mwambie Emily atandike kitanda." Akakata.

Mwenye birika alilishusha chini taratibu kama linaloweza kuvunjika. Hakuna aliyejua kama ni adabu kuondoka na viti au kuviacha, kwa hiyo viliachwa.

Ijumaa kabla ya jua kuchomoza Drusilla alibisha kwa Nyakerario. Alibisha mara tatu. Bibi kizee alifungua nusu ya mlango.

"Mama, nimekosa nini? Niambie. Kama ni kukata, nimekata ili mwanao alale kwake. Kuna kosa gani?"

Macho ya Nyakerario yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia usiku kucha kwa mtoto aliyejua yuko hai.

"Mokamwana," alisema, akimwita kwa neno la nyumbani la mke wa mwana, "kukata si kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani nasema Nyasae, Mungu wetu, mpe nguvu. Halafu nikaona unatupa nje."

"Kutupa nini?"

"Matawi! Miaka yote hiyo, uliwahi kumwona Obwocha akitupa tawi moja barabarani?"

Drusilla alifikiri. Akaona: Obwocha akiburuta matawi kwa kamba kuingia ndani, kila mara, hadi nyuma ya zizi. Mengine alizibia matundu ya zizi, mengine yalikauka yakawa kuni za mvua. Drusilla siku zote alidhani ni ubahili.

"Mwenye boma akikata, anaingiza," Nyakerario alisema. "Anajua kesho atahitaji. Ya matanga ndiyo hutupwa nje, kwa kuwa aliyekuwa akiyatumia hayupo. Huyo kijana wa pikipiki hakuona lango. Aliona barabara. Na mwanangu huko hospitali ameona hiyo hiyo."

Drusilla alisimama pale mlangoni. Mambo yalikuwa madogo namna hiyo! Miaka kumi na minane kwenye ncha ya kamba, mgongo kwa kazi yenyewe, na hakuwahi kuuliza.

"Anatoka hospitali saa sita," alisema. "Nikiyaingiza?"

"Jua likitua ni Sabato. Hutagusa hata kijiti."

"Nimeuliza, nikiyaingiza?"

Bibi kizee aliinua mabega. "Mimi si Obwocha."

Akaanza. Kutupa tawi la mchongoma ni rahisi, unalisukuma linaenda. Kulirudisha ni vita. Yalikuwa yameshikana tena barabarani, lori la chai lilikuwa limepita juu ya mengine, miiba imeelekea kila upande. Alivuta moja moja, akiyapitisha kando ya chai bila kuivunja, hadi nyuma ya zizi, akarudi. Safari ya kumi gunia la mkono wa kushoto lilichanika. Safari ya ishirini aliacha kuhesabu. Kwenye viti vya plastiki walikuwa wameketi watu watano au sita waliokuja kuona, maana habari ya mtu aliyefufuka huwavuta watu kuliko ya aliyekufa.

"Huyu mama amechanganyikiwa," mmoja alinong'ona. "Jana anatoa, leo anaingiza."

"Nyamaza. Wewe hujui anachofanya."

Saa tano Duke alipita, akajaribu kupita kwa kasi. Drusilla alisimama katikati ya barabara na tawi mkononi.

"Shuka."

"Mathe, pole, wallahi mimi nilidhani..."

"Shuka, Duke."

Akashuka. Alikuwa amenywea kama kuku wa mvua.

"Simu yako ina picha bado?"

"Niliifuta, mathe. Hata group wamenitoa."

"Waambie wakurudishe. Halafu upige nyingine. Lakini si sasa, ungoje nimalize." Akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Na usikae bure. Mikono unayo."

Duke alitazama miiba, akatazama mikono yake, akashika tawi kama mtu anayeshika nyoka.

Mchana Nyakerario alitoka. Alikuja na mkongojo hadi barabarani, bila kumtazama mtu, akachagua kijitawi kidogo, akakikokota kwa ncha ya mkongojo, hatua kwa hatua, hadi zizini. Safari moja ilimchukua robo saa. Alipokuwa anarudi kwa ya pili, Ogoti aliruka kutoka upande wake na jembe uma, uso ukiwa umeangalia chini, akaanza kusomba matawi manne manne bila neno. Hakuna aliyemkumbusha aliyoyaandika, mtu mpole na mchapakazi.

Saa tisa barabara ilikuwa safi. Yalibaki majani tu, na Drusilla akayafagia nayo akayaingiza. Duke akapiga picha: barabara tupu, lango wazi, na kwa mbali nyuma ya zizi lundo la matawi. Aliandika chini yake, akisoma kwa sauti: "Wakuu, Obwocha yuko hai. Ni mimi nilikosea. Mnisamehe."

Ikatumwa. Kando yake ikatokea alama moja tu ya kijivu, ikabaki hivyo hivyo. Obwocha hakuwa amefungua simu. Drusilla alimpigia, ilikuwa imezimwa. Alimpigia Emily.

"Tumetoka Kisii muda mrefu," Emily alisema. Nyuma yake gari lilikuwa linanguruma. "Amelala. Simu yake imeisha moto. Wifi, siwezi kumwamsha."

"Mko wapi? Mnaelekea wapi?"

Mtandao ukapotea.

Saa kumi. Saa kumi na moja. Drusilla aliosha damu mikononi, akavaa gauni lake la kanisani kwa kuwa Sabato ilikuwa inakaribia, akaketi kwenye kiti cha plastiki langoni. Wale wengine walikuwa wameenda kuoga na kupika kabla ya jua kutua. Alitoa tupa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Jua lilikuwa limegusa miti ya kilima cha pili. Ikiwa wamelala Kebirigo, hakuna atakayesafiri kesho, na Jumapili Obwocha atakuwa na sababu nyingine, na Jumatatu nyingine.

Probox nyeupe ilipanda kona ikitoa vumbi.

Ilifika langoni ikasimama kabla ya kuingia. Obwocha alikuwa mbele, amejifunika shuka miguuni. Alikuwa amekonda hadi masikio yameonekana makubwa. Emily, kiti cha nyuma, alimwonyesha Drusilla kwa mikono kwamba yeye hajui lolote, akanong'ona kupitia dirishani kwamba alipoamka huko Kebirigo alisema nipelekeni nione kwa macho yangu.

Obwocha alitazama barabara upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akatazama mbele, kupita lango, hadi nyuma ya zizi. Alikaa akitazama huko muda mrefu sana. Kisha akautazama ua wenyewe.

"Nani amekata hivi?"

"Ni mimi," Drusilla alisema.

"Ua umetafunwa na mbuzi."

Drusilla, ambaye hakuwa amelia mbele ya mtu Jumanne, wala Jumatano, wala kwa umati wa Alhamisi, alishika mlango wa gari kwa mikono yake iliyochanikachanika, akalia. Obwocha alitazama ile mikono. Hakutabasamu. Aligeuka kwa dereva.

"Ingiza. Polepole, hapo kando kuna chai yangu." Gari likasogea, likasimama tena. "Na viti vya nani hivi?"

"Vya matanga yako."

"Viacheni mpaka Jumapili. Watu wakae."

Jua likatua gari likiwa ndani.

Jumapili asubuhi Drusilla alikisukuma kiti cha magurudumu hadi juu, pale penye usawa karibu na barabara. Obwocha alikuwa hajasema mengi tangu arudi. Usiku alikuwa akikuna mguu usiokuwepo, akiamka, akiutafuta kwa mkono. Alikula kidogo. Kwa mama yake aliitikia tu. Drusilla alitoa mfukoni kile kipande cha kamba ya buluu, akamwekea mapajani.

Obwocha alikigeuza. Aliona pale gome lilipokuwa limekibana.

"Ilikuwa ndani?"

"Ndani kabisa."

Akazungusha ncha moja mkononi mara mbili. Drusilla alichukua nyingine, akaenda hatua kumi na tano, mpaka kamba ilipoishia, akaifunga kwenye shina. Kisha akarudi na panga.

"Kaza," alimwambia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo.

Obwocha akakaza. Kamba ikapanda, ikanyooka, halafu ikaanza kutetemeka. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Majani ya migomba ya Ogoti yalikuwa yametulia kabisa. Drusilla alingoja. Kamba iliendelea kutetemeka.

"Nimekaza," Obwocha alisema bila kumtazama. "Kata."

Akakata. Aliinama, akalaza panga, akafuata pale kamba ilipomwonyesha, ikipanda, ikishuka. Kila tawi lililoanguka alilishika akalisogeza upande wa ndani.